Nunua Gari Ambalo Mji Mzima Unalijua

Mdogo wangu ana shilingi milioni 12 alizozidunduliza kwa miaka, anaishi Mbezi hapa Dar es Salaam, anafanya kazi Kinondoni, na kila jioni ananitumia picha za magari kutoka mitandaoni. Hili linang'aa. Hili limeshushwa bei. Hili mwenyewe anasafiri, anauza haraka. Anachoniuliza ni kimoja tu: dada, lipi hapa ni nafuu? Nimekuwa nikimjibu vipande vipande kwa ujumbe wa sauti. Sasa naandika yote mahali pamoja, maana najua wapo wengi wenye fedha kiasi hicho hicho, fedha ya jasho isiyo na nyingine nyuma yake.

Bei ya kununulia haikuambii kama gari ni nafuu. Utajua siku ya kwanza litakapogoma. Siku hiyo ndipo utakapojua kama spea yake ipo dukani, kama fundi wa mtaani kwako amewahi kuishika injini ya namna hiyo, na kama ukichoka nalo kuna mtu wa kulipokea. Mambo hayo hayaletwi na muuzaji. Yanaletwa na mji wenyewe, polepole, magari ya aina moja yanapozidi kuwa mengi barabarani mpaka kila mtu akayajua maradhi yake. Kwa hiyo mimi nikiulizwa gari dogo la bei nafuu ni lipi, najibu: lile ambalo Dar es Salaam nzima inalijua.

Ninaloendesha ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya ujazo wa cc 1300. IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na chini yake ni Vitz, ileile ambayo Ulaya iliitwa Yaris na kutangazwa gari la mwaka 2000 la bara hilo. Injini zake ni za ukoo ambao mafundi wanauita NZ: 2NZ ni ya 1300, 1NZ ni ya 1500. Simama Ubungo asubuhi uhesabu magari yenye injini za ukoo huo. Vitz za zamani za 1300, Platz, Funcargo, Raum ya toleo la pili, Spacio, Sienta, Porte, Probox zinazobeba kila kitu, Corolla za NZE, hata Premio na Allion za 1500 zinazoonekana za watu wazito. Ndiyo maana ukienda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani kutafuta pampu ya maji ya IST, muuzaji haulizi mara mbili. Anakuuliza tu unataka ipi: mpya halisi, mpya ya bei ya chini, au iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani. Bei tatu kwa kitu kimoja, na unachagua kulingana na mfuko wa mwezi huo. Uhuru huo ni mkubwa kwa mtu wa mshahara wa kawaida.

Kisha kuna madereva wa teksi za mtandaoni. Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016 na Taxify, ambayo leo ni Bolt, ikafuata, magari yaliyobeba kazi hiyo kwa wingi yalikuwa haya madogo: IST, Vitz, Passo, Raum. Vijana wale waliyaendesha kutwa kucha, kwenye foleni, joto, matuta na mashimo, na kila walichovunja fundi alikijua, na kila fundi alichojifunza kikawa ujuzi wa mji. IST yako ikianza kugonga mbele upande wa kushoto ukipita kwenye tuta, fundi atakwambia kabla hajainama kwamba ni stebilaiza linki au kichwa cha shokapu. Ujuzi huo hukuulipia, lakini unautumia kila wiki.

Kaka yetu mmoja alipata gari dogo la Ulaya, zuri kweli, siti za ngozi, mlango ukifungwa unasikia uzito wake, na bei ilikuwa ya Vitz. Lilitembea vizuri hadi kilipoharibika kifaa kimoja kidogo cha giaboksi. Kifaa hakikuwepo Kariakoo, kikaagizwa nje, kikaja kisichofanana, kikaagizwa tena. Muda wote huo gari lilikaa gereji likipigwa na jua huku yeye akipanda daladala. Lile gari halikuwa na ubaya wowote. Lilikosa wenzake mjini.

Hebu nipite haraka kwenye chaguzi nyingine, maana si lazima iwe IST. Vitz ya zamani ya 1300 ni ileile kwa mwili mdogo zaidi. Passo ya 1000 ni nyepesi, inakula mafuta kidogo, ila injini yake ina silinda tatu, na ukiwa na watu wanne na mizigo kwenye vilima vya Goba utausikia upungufu wa ile ya nne. Starlet ni kongwe na ngumu, lakini taiming yake, yaani kinachoendesha valvu za injini kwa mpangilio, ni ya mkanda, tofauti na NZ zenye mnyororo, kwa hiyo uliza mkanda ulibadilishwa lini, na kama hakuna jibu lenye risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Honda Fit ni gari la akili sana kwa nafasi ya ndani. Giaboksi yake ya CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika, inataka oili yake yenyewe. Ikiwekewa ile ya kawaida inayoitwa haidroliki, inaanza kutetemeka ukiondoka kwenye taa, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa. Nimewaona watu waliodumu na Fit miaka mingi kwa raha, wote ni watu wanaojua hasa nini kimemiminwa kwenye giaboksi yao.

Kuagiza Japani au kununua ambalo liko hapa tayari? Mdogo wangu alianza na ndoto ya kuagiza, na naielewa. Gari linashuka bandarini likiwa halijaonja vumbi letu. Lakini kwa milioni 12 hesabu inabana. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini inayozidi 1000 hadi 2000, ambao Passo ya 996 inaukwepa. Juu yake tena kuna ule ambao wengi tunauita ushuru wa uchakavu: asilimia 15 gari likiwa na miaka minane hadi kumi, asilimia 30 likizidi kumi. Halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla ya hayo yote, na tozo ndogondogo zinafuata. IST za toleo la kwanza ziliishia 2007, kwa hiyo zote zinaangukia kwenye ile 30. Tena TRA, mamlaka ya mapato, haihesabu kwa bei uliyonunulia, ina makadirio yake kwa kila aina na mwaka. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, na viwango vinaweza kuguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo ingia mwenyewe, chagua gari, soma jumla, ndipo uamue. Usimkadirishe mtu. Wenzetu Kenya hawana hata nafasi ya kupiga hesabu hii, kwao gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa, ndiyo maana barabara za Nairobi zina sura tofauti na zetu. Sisi tumeachiwa mlango wazi, ila kwenye mlango huo kuna kiingilio.

Kwa fedha hiyo, basi, unanunua la hapa, na hapo ndipo utakapokutana na lugha ya herufi. Kwetu gari linauzwa kwa namba. Namba C, namba D, namba E: herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho inakuambia gari lilisajiliwa nchini zamani au juzi, na bei inapanda na herufi kuliko inavyopanda na kitu kingine chochote. Mimi napinga mazoea haya kwa moyo wote. Herufi inakwambia gari liliingia lini Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini, lilifanya kazi gani, wala lilihudumiwa na nani. IST ya 2003 iliyoingia nchini ikiwa imechoka inaweza kuwa na namba D ya mbele, na ya 2005 iliyotunzwa na mtu mmoja ikawa na namba C ya mwisho, na ya pili ikauzwa milioni mbili pungufu. Wanaotafuta herufi wanalipia heshima ya getini. Kama shida yako ni kufika kazini na kumpeleka mtoto hospitali usiku, hiyo milioni mbili ina kazi nyingine, na nitaieleza mbele.

Madalali. Utawakuta kwenye yadi za Kinondoni, Magomeni, Mwenge, wengine chini ya mwembe na funguo za magari ya watu mfukoni. Wana utenzi wao: "Dada yangu, gari hii ni ya kuwasha na kuondoka. Injini haijafunguliwa, full kipupwe, tairi nne mpya, mwenyewe ni mama wa ofisini, nyumbani-kazini, kazini-nyumbani. Bei maelewano." Sisemi ni watu wabaya. Wanaishi kwa cha juu: mwenye gari anataka kumi, wewe unatajiwa kumi na moja na nusu, katikati ndiyo riziki ya dalali, na kukuletea magari matano ndani ya asubuhi moja ni kazi halali inayostahili malipo. Ninachosisitiza ni mpaka wa kazi hiyo. Dalali akuonyeshe gari. Fundi wa kulikagua asitoke kwake, hata kama anakuambia yupo hapa hapa, ni dakika tano tu, tena bure. Na kabla fedha haijatoka, zungumza na mwenye gari uso kwa uso. Dalali anayekuzuia usionane na mwenyewe amekwishakupa jibu.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Sinza aliyefungua injini nyingi kuliko ninavyoweza kukisia. Nilipomwendea nilimwambia, "Shikamoo fundi, nataka uende nami kukagua, na nitakulipa gari likiwa zima au bovu, tukinunua au tusinunue." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, hapo umenipa nafasi ya kusema kweli." Hilo ni la msingi. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu ana sababu ya kulipenda gari.

Sharti lake la kwanza lilikuwa tulikute gari la baridi. Gari la kwanza tulilokwenda kuona lilikuwa Kinondoni, na tulipofika alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto. Muuzaji akasema ameliwasha ili lipashe betri. Fundi akatabasamu, akamwomba turudi kesho alfajiri kabla halijawashwa. Tuliporudi, liliguruma mara moja, likatoa moshi wa bluu mzito kisha ukapotea. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. NZ zikizeeka bila kubadilishwa oili kwa wakati, ringi za pistoni au sili za valvu zinachoka na injini inaanza kunywa oili kimyakimya, na gari likishapata moto huenda usione kitu. Moshi mweupe usiokatika, wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia pasipotakiwa. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na huo mara nyingi unatibika kwa fedha ndogo. Gari la Kinondoni tuliliacha.

Nieleze alivyokagua lile nililonunua, kwa utaratibu wake, maana ndiyo sehemu ninayotamani mdogo wangu aisome mara mbili. Alifungua kifuniko cha oili na kuchungulia chini yake: ukikuta utandu kama maziwa, maji na oili vimekutana, gasketi ya silinda hedi imekwenda, funga boneti uondoke. Alifungua rejeta ikiwa bado baridi. Maji yenye rangi ya kutu maana yake mwenye gari alikuwa anajaza ya bomba, na kutu iliyoko kwenye rejeta iko na ndani ya injini. Alichomoa kijiti cha giaboksi na kupangusa kwenye karatasi nyeupe. Iwe nyekundu, au kahawia ya mbali. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, giaboksi imeanza kujila. Alipowasha alisikiliza sekunde za mwanzo: mnyororo wa taiming uliolegea unakwaruza kabla oili haijapanda.

Kisha alizunguka bodi. Alikuwa na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha kwenye milango na juu ya matairi. Panapokuwa na putty nene sumaku haishiki, na hapo pamenyooshwa. Aliangalia bolti za boneti na za fenda kama rangi yake imechubuliwa na spana. Aliangalia maandishi madogo kwenye pembe za vioo, kimoja baada ya kingine. Vioo vya gari moja huwa vya kampuni moja na miaka inayokaribiana, kimoja kikiwa tofauti, uliza kilivunjwa na nini. Alivuta mkanda wa siti hadi mwisho wake. Nilidhani anaangalia kama unafunga, kumbe anatafuta mstari wa matope. Gari lililozama kwenye mafuriko linaoshwa, linapigwa manukato, linabadilishiwa zulia, lakini watu husahau sehemu ya mkanda iliyojikunja ndani. Hapa mjini mto Msimbazi hufurika mara kwa mara, na Desemba 2011 maji yalichukua magari mengi. Mengine bado yanazunguka yakiwa na kutu kwenye reli za siti na matatizo ya umeme yasiyo na mwisho.

Alama za kazi ya teksi anazitafuta kwa macho tu. Mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma huku dashibodi inasema kilomita elfu themanini. Siti ya dereva imebonyea upande wa mlango. Usukani unang'aa. Kuna tundu au alama ya gundi pale kishikio cha simu kilipokaa. Gari lililofanya teksi linaweza kuwa zima kabisa, wengine wanayatunza kuliko sisi kwa kuwa ndiyo jembe lao, lakini bei yake iwe ya gari la teksi. Kuhusu kilomita zenyewe, usizilipie hata senti. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Pedali ndiyo shahidi.

Barabarani hakutaka lami ya Bagamoyo. Alitaka Goba, kupanda na kushuka, halafu njia ya vumbi. Alikanyaga breki akaweka D, akasubiri. Giaboksi nzima inashika mara moja bila kupiga teke, na gari likitetemeka sana hapo, injini maunti, zile raba zinazoshikilia injini, zimekufa. Aliposimama pa wazi alikata kona hadi mwisho, kulia kisha kushoto, akisonga polepole na dirisha likiwa wazi: sauti ya tok-tok-tok ni sivi jointi. Alinyanyua mikono kwenye usukani kwenye tambarare kuona kama gari linavuta upande. Aliwasha kiyoyozi na kukiacha muda wote, kwa sababu kiyoyozi kibovu cha Dar es Salaam si anasa iliyokosekana, ni mabadiliko ya kompresa yanayokungoja. Mwisho alichomeka mashine ya kusomea makosa. Wengi huanza na mashine, yeye anaiweka mwisho. Makosa yanaweza kufutwa asubuhi kabla hujafika, akasema, lakini hakuna anayeweza kufuta mlio.

Alikuta maunti mbili zimechoka, shokapu za mbele zinavuja, na oili inatoa jasho kwenye kifuniko cha juu cha injini. Mwenye gari alikuwa kijana anayehamia Mwanza, na alikuwa na risiti za sevisi. Tulikaa naye, fundi akamsomea orodha na bei ya kila kitu. Kutoka milioni kumi na moja na nusu tulifika kumi na laki tatu bila kupandishiana sauti. Orodha ya fundi inashusha bei kuliko maneno elfu ya "nipunguzie kaka".

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hawaligusi, na mimi nalipigia kelele kila ninapopata nafasi. Mifuko ya hewa. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mifuko ya hewa ya mamilioni ya magari duniani, na kemikali ya kuilipua, amoniamu naitreti, inaharibika kwa miaka inapokaa kwenye joto na unyevu. Ikiharibika, siku ya ajali mfuko unapasuka kwa nguvu kupita kiasi na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea. Watengenezaji wakayaita magari yarudi yabadilishiwe, Honda Fit za kwanza zikiwemo na Toyota nyingi za miaka ya 2000. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kubadilishiwa lilikuja hivyo hivyo, na pwani yetu ina joto na unyevu huo huo wa kuiharibu kemikali hiyo. Tovuti za watengenezaji Japani zina ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi ukaona kama gari lilirekebishwa. Ni Kijapani, lakini simu itakutafsiria. Fanya hivyo kabla hujalipa, na kama umeshanunua zamani, fanya leo.

Namba hiyo hiyo ya chesisi ilinganishe na kadi ya gari, pamoja na namba ya injini. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapozama, kwenye karatasi kuliko kwenye injini. Ukiambiwa kadi imepotea lakini ripoti ya polisi ipo, tulia kwanza: kadi za magari huwekwa rehani kwa wakopeshaji, na inayosemwa imepotea huenda imo kwenye kabati la mtu anayedai. Ukiambiwa gari lilikuwa la marehemu mzee, pole wape, kisha omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na uandikiane naye yeye, si na kijana wa mwisho mwenye funguo. Namba ikianza na Z, gari limesajiliwa Zanzibar, na kulisajili huku Bara kuna tofauti ya kodi ya kulipwa, nani analipa? Madeni ya trafiki yanakaa kwenye namba ya gari, yaangalie kwenye mfumo wa polisi kwa simu yako mwenyewe. Faini moja ni elfu thelathini, na nimeona magari yenye nyingi za kutosha kununua seti ya tairi. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, hiyo isikusumbue. Bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, stika kwenye kioo peke yake si bima.

Mkataba muandikiane kwa wakili, fedha ipite benki, na umiliki uhamishe TRA mara moja. Kuna watu wanaendesha miaka mitano kwa jina la mtu mwingine ili kuokoa gharama ya kuhamisha. Mtu huyo akifariki, gari lako limeingia kwenye mirathi ya familia usiyoijua.

Sasa zile milioni zilizobaki. Mdogo wangu anaona kama kununua la kumi wakati una kumi na mbili ni kujinyima. Mimi naona ndiyo kununua gari lenyewe. Gari la miaka ishirini linapobadilisha mikono linadai kazi, na likiikosa miezi ya mwanzo linaidai baadaye kwa bei kubwa. La kwangu lilianza kwa oili ya injini na filta, kipoza injini kipya baada ya kusukutua rejeta, plagi, pedi za breki, maunti na shokapu zilizokuwa kwenye orodha. Bima ikatoka humo, gharama za kuhamisha jina zikatoka humo. Na mafuta yapigie hesabu kabla, si baada: Mbezi hadi Kinondoni na kurudi ni kama kilomita 40, kwa siku 22 za kazi ni 880, na kwenye foleni ya Morogoro Road IST yangu inakwenda kilomita 11 kwa lita. Lita 80. EWURA, wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lita ikiwa shilingi 3,000 hiyo ni 240,000, kabla hujakwenda kanisani wala shamba. Kama mshahara hauibebi hesabu hiyo leo, subiri miezi, magari hayaishi.

Tairi ni za mwisho kwenye orodha yangu kwa kuwa ndizo zinazodanganya zaidi. "Tairi nne mpya" za dalali huwa na meno marefu kweli. Soma tarakimu nne ubavuni, ndani ya kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani na juani unakauka hata kama haujawahi kugusa lami, na kwenye barabara ya Chalinze mchana wa Januari ndipo unapoachia. Za kwangu zilikuwa nzuri kwa macho na kuukuu kwa tarehe, nikazibadilisha mbili za mbele mwezi huo na za nyuma mshahara uliofuata.